Siku Inayolipiwa Mara Mbili

Kivutio cha tiketi kinachojaza watu kuliko vyote Ufaransa hakimo ndani ya jiji la Paris. Mwaka 2023 jumba la makumbusho la Louvre, pamoja na Mona Lisa wake, lilipokea wageni milioni 8.9. Mwaka huohuo bustani ya burudani ya Disneyland, iliyoko Marne-la-Vallée, kilomita 32 mashariki mwa jiji, ilipita milioni 10, na hapo haijahesabiwa bustani ya pili ya kampuni hiyohiyo iliyopakana nayo. Anayemcheka mtu mzima aliyefika Paris kwa mara ya kwanza akaenda kupiga picha na Mickey anabishana na umati.

Ila umati huo una kwao. Wengi ni Wafaransa, na wanaofuata kwa wingi ni majirani: Waingereza, Waholanzi, Wabelgiji, Waspania. Hao wakimaliza Jumamosi nzima Disneyland hawajaikosa Paris. Wataikuta mwezi ujao au mwakani. Mtu aliyetoka Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, aliyehangaikia viza ya Schengen, akalipa ada ya euro 90, akaomba ruhusa kazini na kubakiwa na siku tano kabla ya ndege ya kurudi, ana hesabu nyingine kabisa. Kwake swali si kama bustani ni nzuri. Nzuri ni nzuri, kampuni hizi zinaijua kazi yao. Swali ni kama inastahili kula moja ya siku hizo tano.

Tuanze na fedha, maana ndiko watu wanakokosea mapema. Tuseme safari ya siku tano imemgharimu mtu dola 2,500 kwa nauli, viza, bima na hoteli. Kabla hajanunua hata chupa ya maji, kila siku ya safari hiyo imeshakula dola 500. Akiamua kwenda bustanini, tiketi inakuja juu ya hizo. Siku hiyo, basi, ameilipia mara mbili, na malipo ya kwanza hayaandikwi kwenye tovuti ya bustani yoyote. Mwenzake anayekaa wiki tatu kwa shemeji yake kule Leicester au Minneapolis, bila kulipa hoteli, siku moja haimuumi hivyo. Ndiyo sababu ushauri wa ndugu aliyeko ng'ambo mara nyingi haumfai mgeni wa wiki moja: ndugu anaangalia bei ya tiketi, mgeni anatakiwa aangalie bei ya siku.

Na tiketi zenyewe si za mchezo. Disneyland ya kwanza, ile ya California, ilipofunguliwa tarehe 17 Julai 1955, kiingilio kilikuwa dola 1 na michezo ililipiwa mmojammoja. Siku hizi bustani karibu zote kubwa zinauza tiketi ya siku nzima kwa bei inayopanda na kushuka kulingana na tarehe, na kule Florida, siku za Krismasi, tiketi ya mtu mzima mmoja kwa bustani ya Magic Kingdom imeshafika kwenye dola 200. Tokyo ni nafuu zaidi. Tangu Oktoba 2023 mtu mzima amekuwa akilipa kati ya yeni 7,900 na 10,900, na mtoto wa miaka 4 hadi 11 kati ya yeni 4,700 na 5,600. Baba, mama na watoto wawili wadogo, siku ya bei ya juu, wanaacha yeni 33,000 mlangoni. Jumba la Makumbusho la Taifa la Tokyo, lenye panga za samurai na sanamu za Buddha za karne nyingi, ni yeni 1,000 kwa mtu mzima na bure kwa mwanafunzi wa sekondari. Hekalu la Senso-ji halina kiingilio.

Haki isemwe pia kwamba miji mikubwa yenyewe imeanza kuwakamua wageni. Tangu Januari 2026 Louvre inamtoza mgeni asiyetoka Eneo la Kiuchumi la Ulaya euro 32, wakati anayetoka ndani yake analipa 22. Mwafrika Mashariki yuko kundi la 32. Hata hivyo, aliye chini ya miaka 18 anaingia bure, atoke Nantes au Nachingwea, na hilo linabadilisha hesabu ya familia kwa kiasi kikubwa.

Sasa, mtu huyu akishalipa, ananunua nini? Kwa lugha ya moja kwa moja, ananunua ruhusa ya kupanga foleni. Pale Marne-la-Vallée siku inaanzia kituo cha reli cha Chessy, mwisho wa njia ya RER A, dakika 40 hivi kutoka katikati ya Paris. Ukitoka stesheni kuna ukaguzi wa mabegi, halafu mlango wa tiketi, halafu barabara ya maduka ambayo lazima uipite ili uifikie ngome ya waridi. Baada ya hapo kila mchezo una ubao unaoonyesha dakika za kusubiri: 35, 50, 80. Foleni zimepindwapindwa kwa kuta, kamba na vyumba vyenye mapambo, ili aliyesimama nyuma asione urefu wa kilicho mbele yake. Mtu anakunja kona akidhani amefika, anakutana na chumba kingine chenye watu wengine mia.

Urefu wa foleni hautokani na umaarufu peke yake. Mtambo nao una neno lake. Mashua za Pirates of the Caribbean zinakuja mfululizo, kila moja na watu zaidi ya ishirini, na foleni inasogea hata siku ya sikukuu. Mchezo wa Dumbo una tembo kumi na sita tu, na mzunguko mzima husimama hadi mtoto wa mwisho ateremke. Kwa hiyo bembea ya watoto wadogo, ambayo mzazi angedhani haina watu, inaweza kumsimamisha kwenye jua kuliko mchezo wa watu wazima uliojengwa kwa mamilioni ya dola. Mchezo wenyewe huchukua dakika mbili, tatu, nne. Mtu akipanda michezo sita kwa wastani wa dakika 45 za kusubiri kila mmoja, ametumia saa nne na nusu akiwa wima ili apate burudani isiyozidi nusu saa.

Zamani kulikuwa na nafuu. Mwaka 1999 Disney ilianzisha FastPass, kikaratasi cha bure kilichompa mgeni saa yake ya kurudi na kupita mlango wa pembeni. Mwaka 2021 nafuu hiyo iligeuzwa biashara. Florida, California na Paris sasa zinauza njia ya mkato kwa simu, kwa mchezo mmoja au kwa fungu, na bei inapanda umati unapoongezeka. Matokeo ni kwamba ndani ya ukuta mmoja kuna wageni wa madaraja, na aliyenunua tiketi ya kawaida anasimama akiwatazama waliolipa zaidi wakipita. Msafiri wa siku chache ndiye windo kamili la biashara hii, kwa kuwa yeye hana kesho ya kurudi kujaribu tena. Anayepanga bajeti ya bustani bila kuiweka bei ya njia ya mkato anajidanganya.

Kuna kipimo kingine ambacho familia nyingi hukikuta zimeshafika: ubao wa kimo. Umesimama kwenye mdomo wa kila mchezo wa kasi, na mfanyakazi mwenye tabasamu humsogeza mtoto, akamnyoosha mabega, akaangalia mstari. Paris, treni ya mgodini ya Big Thunder Mountain inataka sentimita 102. Hyperspace Mountain inataka 120. Indiana Jones, inayomzungusha mtu kichwa chini miguu juu, inataka 140. Mtoto wa sentimita 98 aliyeahidiwa treni tangu uwanja wa ndege wa Entebbe hapokei maelezo. Bustani nyingi zina utaratibu wa mzazi mmoja kubaki na mtoto kisha wakabadilishana bila kupanga foleni upya, na wahudumu hawakatai ukiuliza. Lakini kilio cha mtoto hakina njia ya mkato. Mama mjamzito naye hataruhusiwa sehemu kubwa ya michezo hiyo, na bibi mwenye presha asijaribu. Kupima watoto ukutani nyumbani kabla ya kukata tiketi ni kazi ya dakika moja, na inaamua mambo mengi kuliko picha zote za mtandaoni.

Hoja nzito zaidi dhidi ya bustani kwenye safari fupi, hata hivyo, ni kwamba bustani hizi zinafanana. Pirates of the Caribbean ilianzia California mwaka 1967. Ikapelekwa Florida 1973, Tokyo 1983, Paris 1992, na Shanghai ikajengewa ya kwake mwaka 2016. Ngome ya Tokyo Disneyland karibu ni nakala ya ile ya Florida. Hong Kong ilipofunguliwa mwaka 2005 ilikuwa na ngome iliyoigwa kwa ile ya California, hadi ilipojengwa upya mwaka 2020. Biashara hii inaishi kwa kurudia kilichokwisha kufanikiwa, na haijawahi kulificha jambo hilo. Kwa hiyo mtu anayekwenda Hong Kong kwa siku tatu anaweza kuikosa Disneyland yake na kuipata baadaye mahali pengine, karibu vilevile. Soko la usiku la Temple Street na kivuko cha Star Ferry hatavipata kwingine.

Wafaransa wenyewe waliligombania hili. Bustani ilipofunguliwa tarehe 12 Aprili 1992 ikiitwa Euro Disney, mwongozaji wa tamthilia Ariane Mnouchkine aliilinganisha na Chernobyl, mara hii kwa utamaduni. Kampuni ilikuwa imekataza pombe ndani, ikadhani Mfaransa atakula chakula cha mchana bila divai, na mwaka uliofuata ikalegeza kamba. Mwaka 1994 jina likabadilishwa kuwa Disneyland Paris, na mwaka 1995 ndipo ilipoona faida kwa mara ya kwanza. Wakosoaji walishindwa, kwa maana ya biashara. Kwa maana ya mgeni wa siku tano, hoja yao ingali na nguvu: ndani ya ukuta ule Ufaransa ni ndogo sana.

Mfano wa Florida unamgusa msomaji wa Kiswahili kwa namna ya ajabu kidogo. Walt Disney World, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 karibu na Orlando, imekaa kwenye ardhi inayozidi kilomita za mraba 100, karibu sawa na jiji la Paris lote. Ina bustani nne kubwa. Mojawapo ni Animal Kingdom, ya mwaka 1998, na ndani yake kuna kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, kilichochorwa kwa kuitazama Lamu. Wabunifu wake, wakiongozwa na Joe Rohde, walifanya kazi ya makini mno. Kuta zimechubuliwa rangi makusudi, plasta imepasuliwa kwa ufundi, na ardhini kuna alama za matairi ya baiskeli zilizokandamizwa kwenye saruji mbichi. Kwenye kuta imeandikwa Uhuru 1961. Kuna Dawa Bar, kuna Tamu Tamu, na mkahawa wa kahawa unaitwa Kusafiri. Kisha magari ya wazi yanawachukua wageni kwenye safari iitwayo Kilimanjaro Safaris, dakika 20 hivi katika hekta kama 45, kuona twiga, vifaru na simba.

Mtu wa Pwani anaweza kusimama pale akacheka, akapiga picha, akaituma kwenye kundi la familia. Ni haki yake, na inafurahisha kweli. Lakini kupanga foleni ya saa nzima chini ya jua la Florida ili kumwona twiga wa Orlando, kwa mtu ambaye Hifadhi ya Taifa ya Nairobi yenye kilomita za mraba 117 iko kilomita chache kutoka katikati ya jiji lake kuu, ni matumizi mabaya ya dola. Akiwa ameshaingia, aende moja kwa moja upande wa Pandora, uliofunguliwa 2017, apande kile asichoweza kukiona kwao.

Orlando ina tatizo lingine: hailiki kidogokidogo. Bustani nne za Disney, za Universal zikiwamo Epic Universe iliyofunguliwa Mei 2025, umbali kati ya moja na nyingine, tofauti ya saa saba au nane na Afrika Mashariki. Mtu anayekwenda Miami au Atlanta kwa mkutano wa siku nne akafikiri atachomeka Orlando katikati, atafika mwili ukidhani ni usiku wa manane. Florida ni safari yenyewe. Ama mtu aende kwa ajili yake, wiki nzima, ama asiende. Na akienda kati ya Juni na Novemba, ajue huo ni msimu wa vimbunga.

Kwa Waafrika Mashariki wengi, hata hivyo, ng'ambo ya kwanza haiwi Paris wala Orlando. Ni Dubai. Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anakwenda Deira kwa siku nne kufuata mzigo, na mwaka mmoja anaamua kumchukua mama watoto na watoto wenyewe. Saa tano na ushei angani, tofauti ya saa moja tu, chakula cha halali kila kona, vyumba vya sala ndani ya bustani zenyewe. Sababu nyingi zinazoifanya bustani kuwa mzigo kwingine hapa hazipo. Tena joto la Julai, linalopita nyuzi 40, linageuza hoja: mtoto hawezi kutembezwa souk saa nane mchana, na bustani iliyofunikwa paa inakuwa kimbilio. IMG Worlds of Adventure, ya mwaka 2016, iko yote ndani ya jengo lenye kiyoyozi. Kwa wanaotaka maji, Wild Wadi ipo tangu 1999 pembeni ya Burj Al Arab, na Aquaventure iko kwenye kisiwa cha Palm.

Hata hapo kuna mitego. Metro ya Dubai haifiki IMG wala Dubai Parks and Resorts, ile iliyoko mbali barabara ya kwenda Abu Dhabi, kwa hiyo teksi ziingizwe kwenye hesabu. Tangu Januari 2022 mapumziko ya wiki Imarati ni Jumamosi na Jumapili, na nusu ya Ijumaa. Anayeishi na kumbukumbu ya zamani kwamba Jumapili ni siku ya kazi atakutana na jiji zima langoni. Na bustani hufa: Bollywood Parks, iliyovutia wapenzi wa filamu za Kihindi kutoka Zanzibar hadi Kisumu, ilifungwa moja kwa moja mwaka 2023, ingawa video zake bado zinazunguka kama vile ipo.

Abu Dhabi imelipanga jambo hili vizuri zaidi. Kwenye kisiwa cha Yas, dakika 15 hivi kwa gari kutoka uwanja wa ndege, zimekaa karibukaribu Ferrari World ya 2010, bustani ya maji ya 2013, Warner Bros. World ya 2018 na SeaWorld ya 2023. Ferrari World ina Formula Rossa, rola kosta inayofika kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde tano tangu kuondoka. Kwa miaka mingi hapakuwa na ya kasi zaidi duniani, na wapandaji huvalishwa miwani ili mchanga usiwaingie machoni. Kipimo cha kimo ni sentimita 140. Kijana wa miaka kumi na minne atakikumbuka kitu kama hicho, na mfanyabiashara mwenye saa kumi za kusubiri ndege ya kuunganisha anaweza kweli kwenda na kurudi. Aliyefikia hoteli ya Deira asisahau kwamba Yas ni zaidi ya saa moja ya barabara kila upande.

Hali ya mfanyabiashara wa Guangzhou inafanana na hiyo, ila jawabu lake liko usiku. Mchana ni wa viwandani na masokoni. Chimelong, bustani kubwa ya wilaya ya Panyu iliyofunguliwa 2006 na inayofikiwa kwa metro, ina sarakasi ya jioni kwenye ukumbi mkubwa. Mtu anamaliza kazi zake, anakwenda, anarudi kulala. Hajaipoteza siku.

Utetezi bora wa bustani unatoka Japani. Tokyo DisneySea, iliyofunguliwa Septemba 2001, haina pacha popote. Imejengwa kuzunguka bandari, ina volkano katikati, na bustani yenyewe inamilikiwa na kuendeshwa na kampuni ya Kijapani, Oriental Land, kwa leseni ya Disney. Hoja ya nakala haiigusi. Kituo cha Maihama ni dakika 15 kwa treni kutoka Tokyo, ingawa ndani ya stesheni kuu kulifikia jukwaa la njia ya Keiyo ni matembezi yenyewe. Na kinachoonekana ndani si Marekani. Makundi ya wasichana wa chuo yamevaa nguo za kufanana kuanzia kofia hadi soksi. Familia zimetandika mikeka midogo ya plastiki saa nzima kabla ya onyesho, zikaketi bila kusukumana, na onyesho likiisha kila mtu anakunja wake na hakuna karatasi inayobaki chini. Bisi zinauzwa za mchuzi wa kari na za soya kwa siagi, na foleni ya bisi inaweza kuzidi ya bembea. Mgeni anayetaka kujua jinsi Wajapani wanavyopumzika atajifunza pale kuliko kwenye hekalu lililojaa watalii wenzake. Kinachomponza ni tofauti ya saa sita na uchovu. Aliye na siku tatu tu Tokyo bado angefanya vizuri kuiacha. Mwenye siku sita ana kila sababu ya kwenda, akiepuka likizo za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei ambapo nchi nzima iko barabarani.

Halafu kuna bustani ambazo hazidai siku. Tivoli ya Copenhagen ipo tangu Agosti 1843, ng'ambo ya barabara kutoka stesheni kuu ya reli. Walt Disney mwenyewe aliitembelea kabla hajajenga ya kwake. Rola kosta yake ya mbao ni ya mwaka 1914 na hadi leo kuna mfanyakazi anayepanda nayo ili kushika breki kwa mkono. Kiingilio ni peke yake na michezo ni peke yake, kwa hiyo bibi anayetaka kukaa chini ya taa na kikombe cha chai halipii asichokipanda. Mtu anaingia saa kumi na moja jioni baada ya kuliona jiji mchana kutwa. Prater ya Vienna ni rahisi zaidi: haina kiingilio kabisa. Kaisari Joseph II aliifungulia umma mwaka 1766, na gurudumu lake kubwa la 1897, karibu mita 65 kwenda juu, bado linazunguka na vibanda 15 vya mbao. Unalipia unachopanda, kama pembea za sikukuu pale Mnazi Mmoja, Unguja: mtoto ana fedha zake mkononi, zikiisha mnarudi nyumbani.

Ukiziweka zote pamoja, mgawanyiko unaonekana. Bustani inayokula siku nzima, iliyo nje ya mji na yenye nakala kwingine, haina nafasi kwenye safari ya siku nne ya watu wazima. Paris ndiyo mfano wake, na Hong Kong. Bustani ya jioni, au ile isiyo na pacha, ina nafasi. Safari iliyofungwa kwa ajili ya watoto wenye umri wa kati ya miaka saba na kumi na mbili hubadili kila kitu, kwa kuwa mtoto wa umri huo hatakumbuka Louvre, na mzazi anayemburuta humo kwa saa nne naye hataifaidi. Hapo Disneyland ya Paris inaweza kuwa siku bora ya safari, mradi iwe Jumanne au Alhamisi nje ya likizo za shule za Kifaransa, tiketi ikatwe mapema kwa tarehe, na familia iwe langoni kabla halijafunguliwa. Watoto wadogo wa miaka mitatu wasitolewe kama kisingizio. Wao bembea yoyote inawatosha, hata ya Kunduchi.

Jambo moja zaidi kwa wanaopanga sasa. Mei 2025 Disney ilitangaza kwamba bustani yake ijayo itajengwa kisiwani Yas, Abu Dhabi, kwa fedha za kampuni ya huko ya Miral. Itakapokamilika itakuwa saa tano hivi za ndege kutoka Nairobi, bila Schengen. Mzazi ambaye watoto wake bado wako chini ya sentimita 102 hana sababu ya kuharakia Marne-la-Vallée.